Boti imezama, chelezo kimebaki juu ya paa: uchambuzi wa kisa cha Mtera

Boti ya faiba yenye urefu wa mita 11 ilizama usiku mmoja wa Novemba ikiwa imefungwa bwawani Mtera, upande wa Mpwapwa. Hapakuwa na mtu ndani. Asubuhi wavuvi waliopita karibu waliona kitu cheupe, mfano wa pipa, kikiwa chini kidogo tu ya uso wa maji. Lilikuwa kasha la chelezo okozi, kile wanachokiita mabaharia laifurafti, bado limekaa kwenye fremu yake juu ya paa la kibanda, mkanda wake umekaza kama siku lilipofungwa. Chelezo hicho kilinunuliwa kwa bei kubwa ili boti ikizama kijiachie chenyewe, kielee, kijijaze gesi na kusubiri watu. Katika hayo yote hakikufanya hata moja.

Mwenye boti, mzee anayevusha wafanyakazi wa miradi na wageni kutoka ng'ambo moja ya bwawa hadi nyingine, hakuwa na shaka. Aliuziwa kifaa bandia. Barua ya kudai fedha kwa muuzaji wa Dar es Salaam ilikuwa imeshaandikwa, imebaki kuambatishwa maelezo ya kitaalamu. Mimi kazi yangu ni mitungi na vali, hasa za zimamoto, hapa Dodoma mjini, na kwa kuwa chelezo nacho kina mtungi na vali, nikaitwa. Swali nililopewa lilikuwa fupi: kifyatuo, yaani kile kidude cha kuliachia kasha boti ikizama, ni bandia au si bandia?

Si bandia. Hilo nilimwambia mzee mapema, na hakufurahi. Lakini kisa chenyewe kina mambo mengi kuliko swali lile, na mengine yanawahusu wote wenye boti kwenye mabwawa yetu ya bara.

Kwanza kuzama kwenyewe, maana hakuna la ajabu. Mtera imejaa visiki. Bonde lilipofunikwa na maji miti ilibaki imesimama, ikafa, na maji yakipungua vichwa vyake vinakaribia uso. Boti ilifungwa juu ya kimoja wakati maji yakiwa mengi. Yaliposhuka, upepo ukawa unaipigisha boti pale pale mpaka chini pakatoboka. Pampu ya kutoa maji ilifanya kazi hadi betri ikaisha. Ikakaa chini taratibu, kwa kunyooka, imeegemea kidogo kushoto kwenye tope.

Sasa kifyatuo. Kasha la chelezo limekalia fremu ya chuma cha pua. Mkanda unapita juu ya kasha na kushikwa na kulabu ambayo mtu anaweza kuifungua kwa mkono. Kulabu hiyo nayo imeshikiliwa na kitanzi cha kamba nyeupe kilichopita ndani ya kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, na kidude hicho ndicho kifyatuo. Ndani yake kuna kisu kilichobanwa na springi, na kando ya kisu kuna kiwambo, yaani utando unaosukumika kwa presha. Maji yakiingia na kukisukuma kiwambo kwa presha ya kutosha, kizuizi cha springi kinaachia, kisu kinaruka, kitanzi kinakatika. Mkanda unalegea na kasha linapanda juu. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna baruti. Ni kiwambo, springi na uzito wa maji, basi.

Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea maisha majini zinataka kifyatuo cha aina hii kiachie kabla ya kuvuka kina cha mita 4. Watengenezaji wengi huandika kati ya mita 1.5 na 4. Mtu anaweza kuuliza kwa nini kisiachie kwenye nusu mita, watu wapone mapema. Jibu liko baharini: wimbi kubwa likipiga sitaha linaweza kukifunika kifyatuo kwa muda, na meli ambayo haijazama ikapoteza chelezo chake kwa sababu ya wimbi moja. Kanuni zenyewe zinasema kisiachie kwa kuogeshwa na mawimbi. Kwa hiyo kifaa kimeumbwa kusubiri. Kinasubiri mpaka kiwe na hakika kwamba chombo kinakwenda chini kweli, na hakika hiyo kinaipima kwa mita za maji zilizo juu yake.

Kabla boti haijainuliwa niliomba vijana wazamiaji wapime kwa mti mambo mawili: kina cha maji ubavuni mwa boti, na umbali kutoka mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa boti, hadi pale kifyatuo kilipofungwa. Maji yalikuwa mita 3.4. Kifyatuo kiko mita 2.5 juu ya mkuku. Toa, unabaki na mita 0.9. Kijana aliyesimama juu ya paa maji yalimfika kiunoni. Kifaa kinachohitaji angalau mita moja na nusu ya maji kichwani kilikuwa na maji yasiyofika hata mita moja. Hakikukataa kufyatuka, zamu yake haikufika.

Mzee alisikiliza, akasema, "Fundi, hayo ni mahesabu. Mimi nataka kuona."

Alikuwa na haki. Kifyatuo kile ni cha kutumika mara moja. Kisu kikisharuka hakirudishiki. Muda wake pia ni miaka 2 tangu kifungwe kwenye chombo, na mwezi na mwaka wa mwisho huwekewa alama kwenye lebo siku ya kufungwa. Lebo ya hiki ilikuwa bado ina miezi ya kutosha, lakini baada ya kulala topeni na kuvutwa na boti isingekuwa busara kukirudisha kazini. Tukakubaliana kitolewe kafara.

Tulikwenda kwenye maji ya kina, kuelekea ukutani mwa bwawa. Kwenye kamba ndefu tulifunga utepe mwekundu kila nusu mita. Kifyatuo kikafungwa mwisho wa kamba, na kwenye kitanzi chake cheupe tukaning'iniza kipande cha reli chenye uzito wa kuhisika mkononi. Hoja ilikuwa hivi: kitanzi kikikatika, chuma kitaanguka, na aliyeshika kamba atajua kwa wepesi bila kuona chochote. Kamba alishika mzee mwenyewe. Sikutaka baadaye aseme nilimchezea.

Tulisimama kwanza kwenye mita 0.9, kina kile kile cha siku ya ajali. Tukakaa. Mzee akawa anatazama maji, ananitazama mimi, anatazama maji tena. Hakuna kitu. Tukashusha hadi 1.5, tukangoja, hadi 2, tukangoja, hadi 2.5. Utepe wa mita 3 ulikuwa bado haujagusa maji pale mkono wake ulipoinuka ghafla, kama mtu aliyekatikiwa na kamba ya ndoo kisimani. Tulipovuta juu, kitanzi kilikuwa kimekatwa sawasawa, nyuzi zimenyooka kama zimepitiwa na wembe. Mzee alikigeuza mkononi mara kadhaa. Halafu akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwenye kazi hii: "Kwa hiyo pale gatini kwangu, hiki kingefanya kazi lini?"

Mei. Hilo ndilo jibu, na halikai vizuri masikioni. Mtera ilijengwa iwe ghala la maji ya kituo cha umeme cha Kidatu huko chini, chenye megawati 204, kabla haijapata mitambo yake yenyewe ya megawati 80 mwaka 1988. Ghala hujazwa na kukombwa. Kiwango cha maji bwawa likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha uendeshaji ni mita 690. Kati ya bwawa lililojaa na bwawa lililokombwa kuna mita 8.5 za maji zinazokuja na kuondoka. Kanda yetu ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo maji hufikia kilele chake baada ya mvua na hushuka kiangazi chote. Pale pale boti ilipozama, maji yakipanda mita 3 tu kifyatuo kingekuwa na karibu mita 4 juu yake na kingekata. Chombo kilekile, gati ileile, kifaa kilekile: Mei kinakata, Novemba kinakaa kimya.

Na gati ile si mahali pabaya kupita kiasi. Bwawa likijaa lina eneo la takribani kilomita za mraba 600 na mita za ujazo bilioni 3 na kitu. Gawanya mwenyewe, wastani unaangukia kwenye mita 5, na hapo bwawa limejaa. Kuna maji ya kutisha karibu na ukuta, ambao una kimo cha mita 45, na kwenye mkondo wa zamani wa Ruaha. Kwingine kote ni uwanda uliofunikwa na maji. Boti yenye kibanda kirefu ikizama kwenye uwanda ule, mara nyingi paa litabaki karibu na juu, au litabaki nje kabisa.

Kuna jambo dogo ambalo ningeliacha kama isingekuwa tuko juu. Hewa ya pwani ina mgandamizo wa kilopaskali 101 hivi. Kwenye kimo cha mita 700 kama Mtera inakaribia 93. Tofauti hiyo ya kilopaskali 8 ni sawa na maji ya mita 0.8. Kwa kifyatuo ambacho chumba cha nyuma ya kiwambo kimezibwa kikiwa na hewa ya usawa wa bahari, maana yake ni kwamba hapa kitadai karibu mita nzima ya ziada kabla ya kufyatuka. Kinachokata pwani kwenye mita 2, huku kitasubiri karibu na 3. Maji baridi nayo ni mepesi kuliko ya chumvi kwa asilimia 2 na nusu hivi, lakini hiyo isikupotezee muda.

Hadi hapo mtu angesema: sawa, tutafute kifyatuo kinachoachia kwenye kina kidogo. Nami nilifikiri hivyo hadi nilipofungua kasha na kupima kamba ya kuvutia.

Kamba hii watu wengi wanaichukulia kuwa ni ya kufungia tu chelezo kisikimbie. Kumbe ndiyo ufunguo. Upande mmoja umefungwa kwenye boti, upande wa pili unaingia kwenye kasha na kuishia kwenye kichwa cha vali ya mtungi. Mtungi una kaboni dioksidi na kiasi kidogo cha naitrojeni. Boti ikiendelea kushuka na kasha likielea juu, kamba inajifungua kutoka ndani ya kasha mita kwa mita, inafika mwisho, inakaza, inavuta pini ya vali, na gesi inaingia. Kwenye joto la kawaida chelezo kinatakiwa kiwe kimejaa ndani ya dakika moja. Hapo kwenye vali mimi nimezoea, na sikuona kasoro: pini ilikuwa safi, muhuri wake mzima, na uzito wa mtungi ulilingana na ulioandikwa shingoni.

Tatizo ni urefu. Kanuni zinataka kamba iwe na mita 10 kuongezea kimo cha chelezo juu ya maji, na kwa vyovyote isipungue mita 15. Baharini ni sawa kabisa, kuna kina cha kuifungua yote. Sasa chukua kasha letu. Tuseme lingejiachia. Lingepanda juu na kuelea, limeunganishwa na boti iliyokaa topeni chini ya mita 3.4. Kati ya boti na kasha hakuna umbali wa kukaza kamba ya mita 15. Zaidi ya mita 11 zingebaki ndani ya kasha, zimekunjwa vizuri, hazina wa kuzivuta. Watu waliomo majini wangeona pipa jeupe linaelea, limefungwa, na wangesubiri lifunguke. Lisingefunguka hadi mtu alishike, avute kamba mkono baada ya mkono mpaka iishe, kisha aitie mtikiso mmoja wa nguvu. Niliwauliza mabaharia wawili wa boti ile kama wanajua hilo. Mmoja alisema alidhani kuna kitufe.

Kwa hiyo mnyororo mzima wa kujiendesha, kifyatuo na vali kwa pamoja, unadai kina ambacho sehemu kubwa ya Mtera haina. Kubadilisha pete moja ya mnyororo hakusaidii.

Nimewahi kusimuliwa mambo ya vita na wazee waliopitia majeshini, lakini mfano unaofaa hapa ni wa wanasayansi. Vifyatuo vya presha ya maji havikuanza kwenye vyelezo. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa nazo mwaka 1916 ndani ya mabomu ya kina, yale yanayotupwa kuwinda nyambizi: maji yanasukuma, kizuizi kinaachia, baruti inawaka kwenye futi 40 au 80 kadiri ulivyopanga. Katika vita ya pili ndege za Uingereza zilikuwa zikirusha mabomu hayo yakiwa yamepangwa kulipuka kwenye futi 100. Mwaka 1941 kundi la wanasayansi walioongozwa na Patrick Blackett, na hasa mwenzao E. J. Williams, walikaa na takwimu wakaona kwamba nyambizi inayoweza kupigwa ni ile ambayo bado iko juu au ndiyo kwanza inaanza kuzama, na bomu lilikuwa linaipita na kwenda kulipuka chini yake mbali. Walishauri futi 25. Mafanikio yakapanda kiasi kwamba, kwa maelezo ya Blackett, Wajerumani walidhani Waingereza wamepata baruti mpya yenye nguvu zaidi. Baruti ilikuwa ile ile. Kilichobadilishwa ni dhana ya mahali adui alipo. Nilimsimulia mzee kisa hicho kwa sababu barua yake ilikuwa inalaumu baruti, kwa namna ya kusema.

Niache hapo habari ya kina, maana kulikuwa na kosa la kweli kwenye boti ile, na lilikuwa baya kuliko walilolidhani.

Kamba ya kuvutia haitakiwi kufungwa moja kwa moja kwenye boti. Inafungwa kwenye kiungo dhaifu, kile kipande chekundu kilicho kwenye kifyatuo, ambacho hutengenezwa kikatike kwa nguvu ya kilonyutoni 2.2, zaidi au pungufu kwa 0.4. Kwa lugha ya mizani ni kilo 220 hivi. Kamba yenyewe, kwa chelezo cha watu 12 kama hiki, inatakiwa ihimili kilonyutoni 10, zaidi ya mara nne. Tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi. Chelezo kikishajaa gesi na boti ikiendelea kwenda chini, kitu fulani lazima kikatike; kiungo dhaifu ndicho kimechaguliwa. Kisipokuwepo, boti inakivuta chelezo chini pamoja na waliokipanda.

Kwenye boti hii kamba ilipitishwa kando ya kiungo chekundu na kufungwa kwa pingu ya chuma kwenye fremu, pingu nene ya kuvutia gari. Nilipouliza, baharia msaidizi akajibu bila kujificha: "Kaka, ni mimi. Boti ilipokuja na lori kutoka Dar walikuwa wamelishusha kasha, nikalirudisha. Nikaona lile jekundu ni plastiki tupu. Litashika nini? Nikatia chuma." Alitaka kazi iwe imara. Ni kijana mwangalifu, ndiye pekee aliyekuwa anasoma lebo kwenye boti ile. Maelekezo ya kufunga yalikuwa yamebandikwa ubavuni mwa kasha kwa michoro, na mchoro ulionyesha kamba ikiishia kwenye kiungo chekundu, ila haukusema kwa nini. Mtu anayejua kazi ya chuma akiona plastiki kwenye njia ya mzigo ataitoa. Ningemlaumu zaidi kama angeona na kuacha bila kufikiri.

Angalia basi kejeli ya mambo: maji machache ya Novemba, yaliyokifanya kifyatuo kinyamaze, ndiyo pia yaliyoficha hatari ya ile pingu. Boti ile ingezama Mei karibu na ukuta ikiwa na watu, kila kitu kingefanya kazi kwa mpangilio, kitanzi, kasha, kamba, vali, gesi, na mwisho pingu ingeshika.

Jaketi okozi nazo zilikuwa na la kusema. Boti ilikuwa na jaketi nne za kujijaza zenyewe kwenye kabati la kibanda. Zilikutwa zote zimejaa upepo, zimebanana darini, mlango wa kabati umevunjwa kwa ndani. Hizi zina kidonge kinachoyeyuka: maji yakikigusa kinaachia springi, sindano inatoboa kichupa cha kaboni dioksidi. Haziulizi kina. Zipo za aina nyingine zenye kivali kinachodai maji ya sentimita 10 hivi ili mvua na manyunyu visizilipue, na hizo nazo ndani ya kibanda kilichozama zingejaa vilevile. Mtu aliyevaa mojawapo akiwa ndani ya kibanda angegandishwa darini kama zilivyogandishwa zenyewe. Ndiyo maana wanaofanya kazi ndani ya kibanda huvaa za kuvuta kwa mkono. Mzee hakulijua hilo, na muuzaji hakumwambia.

Tulipofika kwenye suluhisho, kila mtu alikuwa na lake. Mjomba wa mzee, mstaafu wa jeshi, alisema kuna vifyatuo vya baruti vinavyowashwa kwa umeme, ambavyo kipima maji kikilowa tu fataki ndogo inasukuma kisu au inafungua vali, mita sifuri au mita mia. Ni kweli vipo. Vinakata kamba za vyombo vya utafiti vilivyotiwa nanga baharini, vinajaza jaketi za marubani. Marubani wa jeshi la majini la Marekani wana kifaa cha namna hiyo, SEAWARS (kifupi cha Kiingereza cha "mfumo wa kuachia unaowashwa na maji ya bahari"), kinachowaachia parachuti wanapoangukia majini, isiwaburute. Lakini kifaa hicho kimetengenezwa kwa maji ya bahari, kama jina lake linavyotamka. Maji ya bahari yanapitisha umeme kwa wepesi. Maji ya mto na bwawa yanapitisha sehemu ndogo tu, chini ya moja kwa mia mara nyingi. Ukihamisha chombo cha hivyo Mtera bila kuuliza, umerudi kwenye kosa lile lile kwa gharama kubwa zaidi. Hali ni hiyo kwa vile viungo vya madini mawili ambavyo wavuvi wa kaa huko ng'ambo hufungia mitego yao: vinaliwa na chumvi kwa saa zilizopangwa, kisha vinakatika. Kwenye maji baridi vitakaa, vitakaa tena. Ongeza vibali vya baruti, muda wa fataki kuisha nguvu, na joto la paa la faiba kwenye jua la Oktoba. Nilimwambia mjomba kwa heshima kwamba kwa boti ya kuvusha abiria silipendekezi.

Nilichoandika kwenye ripoti ni hiki. Chelezo kishushwe kutoka paani kiwekwe nyuma, sitahani, mahali ambapo mtu mmoja anaweza kukifikia hata boti ikiwa imelala ubavu. Kulabu ya kufungua kwa mkono ndiyo ihesabiwe kuwa njia kuu, na kila baharia aifungue mwenyewe, si kuonyeshwa. Kamba ya kuvutia irudi kwenye kiungo chekundu, na juu ya kasha paandikwe kwa rangi, kwa herufi kubwa: VUTA KAMBA MPAKA IISHE. Kisu chenye ncha butu kiwe kimefungwa karibu. Kifyatuo kipya kiwekwe pia, kwa sababu boti hiyo hupita kwenye maji ya kina karibu na ukuta na hapo kinaweza kuwa ndicho pekee kilichobaki na akili. Kukishusha kutoka paani hadi sitahani kunakiongezea zaidi ya mita moja ya maji juu yake boti ikikaa wima chini, na hiyo peke yake inapunguza miezi ambayo hakifai.

Kulikuwa na mabishano juu ya sitaha. Nahodha alisema kasha litaziba njia ya abiria, na hilo ni kweli. Niliona bora abiria wawili wapungue. Mzee aliona bora kasha lipungue. Tulipima, tukakata benchi la nyuma, likaingia.

Usidhani kwamba maji machache ni salama kwa sababu mtu anaweza kusimama juu ya paa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, tumbo la chombo lilibaki likionekana juu ya maji, na nchi nzima inakumbuka yaliyokuwa chini yake. Chombo kisichokwenda chini kinaweza kuua kama kile kinachokwenda, na katika hali hiyo kifyatuo cha kina hakina kazi hata baharini.

Barua ya mzee haikutumwa ilivyokuwa. Neno bandia lilifutwa. Badala yake anadai muuzaji agharamie ukaguzi wa chelezo, kwa hoja kwamba aliuza mfumo wa kujiendesha kwa boti aliyojua inakwenda Mtera, stakabadhi yenyewe imeandikwa Mtera, bila kuuliza kina wala kutoa neno moja la tahadhari. Sijui sheria kiasi cha kusema atashinda. Upande wa ufundi hoja ina miguu, na niliisaini. Kasha kwa sasa liko kwangu karakanani, vali imetiwa pini ya usalama, linangoja lori la kulipeleka Dar kwa wakaguzi wenye idhini ya kukunja chelezo upya, kwa sababu kazi hiyo mimi sina ruhusa ya kuifanya.